Kutafuta Nasaba ya Familia kwa Kumbukumbu za Bure Mtandaoni

Mtu anayeanza kutafuta habari za wazee wake mtandaoni kwa kawaida hufungua tovuti mojawapo kubwa ya nasaba, huandika jina la babu katika kisanduku cha kutafutia, kisha huambiwa kwamba hakuna kilichopatikana, au huletewa mamia ya watu wa Uingereza na Marekani wasiomhusu hata kidogo. Hapo hukata tamaa akidhani kwamba wazee wake hawakuandikwa popote. Ni kweli kwamba vyeti vya kuzaliwa havitusaidii sana tunaporudi nyuma: nchini Kenya, kwa mfano, usajili wa lazima wa vizazi na vifo kwa wananchi wote ulienezwa hatua kwa hatua kati ya 1963 na 1971, na kwa sababu hiyo cheti cha mwanakijiji aliyezaliwa 1920 ni kitu adimu. Hata hivyo wazee hao waliandikwa na mwajiri, na karani wa jeshi, na padri, na hakimu, na mpima ardhi, kila mmoja kwa haja yake mwenyewe na katika daftari lake mwenyewe. Swali la kuanza nalo, basi, ni hili: ni nani aliyekuwa na sababu ya kumwandika mzee huyu, na karatasi zake ziko wapi leo? Mwongozo huu unahusu zaidi Kenya na Tanzania, na unataja tu mahali ambapo msomaji anaweza kuingia bila kulipa.

Kazi ya kufanya kabla ya kufungua tovuti

Wazee walio hai wanatangulia kumbukumbu zote, kwa sababu kisanduku cha kutafutia hakiwezi kukusaidia ikiwa hujui cha kuandika ndani yake. Unapozungumza nao, usiulize tu mtu fulani alizaliwa mwaka gani. Uliza wakati huo chifu au jumbe alikuwa nani, alikwenda kufanya kazi kwa nani, alibatizwa wapi na nani akawa msimamizi wake wa ubatizo, aliwahi kuvaa sare, aliwahi kushitakiana na mtu kuhusu shamba. Majibu ya maswali haya ndiyo yatakayokuonyesha nani alikuwa na sababu ya kumwandika. Umri nao hupatikana kwa matukio: Vita vya Maji Maji vilikuwa 1905 hadi 1907, homa kuu ilipita 1918, mafuriko makubwa ya Kenya yalikuwa 1961. Majina ya marika ni ushahidi mzuri pia, ila yatumiwe kwa uangalifu, kwa kuwa miongoni mwa Wakalenjin majina kama Maina, Chumo, Sawe na Nyongi hurudi kwa mzunguko, na asiyejua ni mzunguko upi anaweza kukosea kwa karne nzima.

Andika majina yote aliyokuwa nayo mtu mmoja: la nyumbani, la ubatizo au la Kiislamu, la utani, na lile alilojulikana nalo kazini. Kumbuka kwamba ubini wetu haukuwa jina la ukoo linalodumu. Mtoto alichukua jina la baba, na mjukuu akachukua jina la baba yake yeye, kwa hiyo jina la pili lilibadilika kila kizazi, na anayetafuta jina moja la mwisho kwa vizazi vitatu anatafuta watu watatu tofauti. Katika karatasi za Kiingereza uhusiano huu ulifupishwa kwa herufi: "s/o" ni mwana wa, "d/o" ni binti wa, na "w/o" ni mke wa. Desturi ya kurithisha majina inaweza kukutangulia hatua moja. Kwa Wagikuyu mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la baba wa baba yake na wa pili jina la baba wa mama yake, kwa hiyo ukijua majina ya watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa, unaweza kukisia majina ya mababu wawili ambao hakuna aliyekutajia. Kisio hilo haliwi ushahidi mpaka karatasi au mzee mwingine alithibitishe.

Halafu kuna mahali. Kumbukumbu ziliandikwa kwa jina la mji la wakati ule, si la sasa: Murang'a iliitwa Fort Hall, Nyahururu ikaitwa Thomson's Falls, Webuye ikaitwa Broderick Falls, Lushoto ikaitwa Wilhelmstal, na Tukuyu ikaitwa Neu-Langenburg. Mipaka ilihama pia. Eneo la Kisumu na jirani zake lilikuwa sehemu ya Uganda hadi 1902, na anayetafuta habari za huko za kabla ya mwaka huo katika majalada ya Kenya peke yake atarudi mikono mitupu. Tahajia ya Wajerumani inahitaji zoezi dogo: waliandika "Muansa" kwa Mwanza, "Moschi" kwa Moshi, "Aruscha" kwa Arusha, "Kilossa" kwa Kilosa, na "Daressalam" kwa neno moja. Ukishajua kwamba sh yao ni sch, na kwamba j yetu mara nyingi huandikwa dsch, unaweza kutengeneza mwenyewe orodha ya namna tano au sita za kuandika jina la babu, na hizo zote ndizo utakazozijaribu.

Gazeti la Serikali na matangazo ya mirathi

Kama familia yako ni ya Kenya na una saa moja tu ya kutumia mtandaoni, itumie kwenye Gazeti Rasmi la Kenya. Matoleo yake ya tangu 1899, mwanzoni likiwa gazeti la himaya ya Uingereza ya Afrika Mashariki, yanasomeka bila malipo katika Google Books, na mengi yamo pia katika tovuti ya Gazettes.Africa, ambayo ina magazeti ya serikali za nchi nyingine za bara hili, Tanzania na Uganda zikiwemo. Watu hulidhania kuwa ni gazeti la uteuzi wa mabalozi na ushuru wa forodha. Ndani yake kuna uteuzi wa machifu na wazee wa mabaraza, leseni, watu waliobadilisha majina, hati za ardhi zilizopotea, na zaidi ya yote, mirathi.

Sheria ya Urithi ya Kenya ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981, na chini yake ombi la kusimamia mali ya marehemu hutangazwa gazetini ili mwenye pingamizi ajitokeze. Tangazo moja huwa na mistari michache tu, lakini kila mstari una kitu: jina la marehemu pamoja na majina yake mengine, kijiji au mji alikofia, tarehe ya kifo, jina la anayeomba, uhusiano wake na marehemu, mahakama, na namba ya shauri. Uhusiano huo ndio dhahabu yenyewe, maana tangazo linasema wazi kwamba fulani ni mjane wake, au ni mwanawe, au ni mke wa mwanawe. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba tarehe ya gazeti haina lazima ya kukaribiana na tarehe ya kifo. Familia nyingi zilikaa na shamba kwa jina la babu kwa miaka mingi, zikaenda mahakamani siku mtu alipotaka kuuza au kugawa, na hivyo gazeti la miaka ya 1990 linaweza kukutajia tarehe ya kifo cha mtu aliyefariki kabla ya Uhuru. Usiishie kutafuta katika mwaka ambao familia inasema alikufa.

Utafutaji wenyewe una hila zake. Kompyuta ilisoma kurasa hizi kutoka kwenye picha, na maandishi yaliyofifia huisomesha vibaya, hasa majina yetu. Usipopata kitu kwa jina kamili, weka jina la kijiji na jina moja tu la marehemu, au jina la mjane, au neno la kisheria ambalo halikosekani katika matangazo haya kama "deceased" (marehemu) au "succession cause" (shauri la mirathi) ndani ya alama za kunukuu pamoja na jina la mji wa mahakama. Ukipata ukurasa, usome wote, kwa sababu ndugu waliogombea shamba moja wakati mwingine hufuatana katika toleo moja.

Tangazo la hati ya ardhi iliyopotea ni fupi zaidi, lakini lina namba ya kiwanja. Namba hiyo ndiyo utakayoipeleka kwenye ofisi ya ardhi ya kaunti, ambako daftari la upimaji linaonyesha mmiliki wa kwanza na, kwa kuangalia namba zinazopakana, majirani zake, ambao vijijini mara nyingi ni kaka zake.

Kwa Tanzania usitegemee wingi wa namna hii, kwa kuwa mirathi nyingi za wananchi wa kawaida hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo kwa sheria za kimila au za Kiislamu, na tangazo hubandikwa mahakamani au hutolewa katika gazeti la kawaida.

Hukumu za mahakama zinazosimulia ukoo

Chanzo ninachokipenda kuliko vyote ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote. Kenya Law, TanzLII ya Tanzania na ULII ya Uganda huchapisha hukumu za mahakama bure, na hukumu za kesi za ardhi na mirathi ni hazina ya nasaba. Sababu yake ni rahisi. Mtu anayedai shamba la ukoo hawezi kulidai bila kueleza alilipataje: babu yake alifika lini, alitoka wapi, alioa wake wangapi, kila nyumba ilipewa sehemu gani, nani alifariki bila mtoto, nani alihamia bonde la pili. Hakimu huandika maelezo hayo katika aya za mwanzo za hukumu kabla hajafika kwenye sheria. Kwa hiyo hukumu iliyotolewa 2015 inaweza kubeba, kwa kiapo, habari za miaka ya 1920.

Tafuta kwa jina la kijiji na neno la shamba au kiwanja, si kwa jina la mtu tu, maana mzee wako huenda hakuwa mdai wala mdaiwa bali ametajwa katika ushahidi wa shahidi wa tatu. Ukisha kuipata, soma kwa jicho la tahadhari: pande mbili zinagombana, na kila upande unasimulia ukoo unaoufaa. Yale ambayo pande zote mbili zinakubaliana ndiyo yenye nguvu. Yale yanayobishaniwa yaandike kama yanavyobishaniwa, pamoja na uamuzi wa hakimu, ambaye naye aliamua nani mwenye shamba wala hakuamua nani mjukuu wa nani, isipokuwa pale kesi ilipohitaji hivyo.

Walioenda vitani

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoanzishwa 1917, ina tovuti ya cwgc.org ambamo mtu hutafuta bila malipo majina ya waliokufa katika vita viwili vya dunia. Ieleweke mapema kwamba wamo waliokufa tu. Askari aliyerudi nyumbani na kufia kitandani hayumo. Ieleweke pia kwamba kwa Vita vya Kwanza pengo ni kubwa sana. Tume yenyewe ilikiri katika ripoti yake ya 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao Waafrika Mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi katika kampeni ya Afrika Mashariki ndio waliopotea zaidi. Sanamu za kumbukumbu za askari na wapagazi zilizoko Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam hazina orodha ya majina. Ukikosa jina la babu wa babu aliyechukuliwa kuwa mpagazi, kukosekana kwake hakuthibitishi kwamba hakwenda.

Vita vya Pili ni habari nyingine. Askari wa Keya (King's African Rifles), wa mizinga, wa usafirishaji na wa kazi waliokufa wana rekodi zenye jina, cheo, namba ya askari, kikosi, tarehe ya kifo na mahali jina lilipoandikwa. Waliofia Burma tafuta huko Myanmar, ambako wasio na kaburi linalojulikana wameandikwa katika Ukumbusho wa Rangoon. Kama kwenu inasimuliwa kwamba mzee alizama na meli, angalia tarehe 12 Februari 1944: siku hiyo manowari ya Wajapani iliizamisha meli ya Khedive Ismail iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo, watu 1,297 wakafa, wakiwemo askari wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, na majina yao yako kwenye ukumbusho ulio ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi.

Katika ukurasa wa kutafutia wa tume hiyo, acha wazi nafasi ya jina la kwanza. Askari wengi wa Kiafrika waliandikwa kwa jina moja, au jina la baba likawekwa mahali pa jina la familia, na karani aliandika alivyosikia. Chagua kikosi na nchi, weka jina moja kwa tahajia mbalimbali, kisha punguza orodha kwa miaka. Ukipata namba ya askari, inakili kwa uangalifu kuliko jina, kwa sababu namba haikuwa na tahajia mbili.

Enzi ya Mjerumani, misheni, na Ghuba

Kwa Tanzania Bara ya kabla ya Vita vya Kwanza, Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani ina katalogi ya mtandaoni iitwayo invenio, na majalada mengi ya wizara ya makoloni, yaliyo chini ya alama R 1001, yamepigwa picha na yanasomeka bure. Hayasomeki kwa urahisi, kwa kuwa ni Kijerumani, na mengi yameandikwa kwa mwandiko wa mkono wa zama zile. Mwananchi wa kawaida hutajwa humo akiwa amefanya kitu kilichomsumbua mkuu wa wilaya. Jumbe, akida, liwali na askari hutajwa mara nyingi zaidi, na mzao wa watu hao ana sababu nzuri ya kujisumbua na mwandiko huo.

Familia zilizosoma shule za misheni zina njia nyepesi zaidi. Maktaba ya kidijitali ya Chuo Kikuu cha Southern California ina hifadhi ya picha za misheni kutoka sehemu nyingi za dunia, zikiwemo za Misheni ya Leipzig iliyoanza kazi Kilimanjaro 1893 na za Wamoravian waliofika Unyakyusa 1891. Nyingi zina maelezo ya mahali, na baadhi hutaja walimu, wainjilisti na machifu kwa majina. Tafuta kwa jina la kituo, kwa mfano Machame au Rungwe, kisha pitia picha moja moja, kwa sababu jina la mwalimu linaweza kuwa ndani ya maelezo bila kuwekwa kwenye faharasa. Vitabu vya ubatizo vyenyewe kwa kawaida havimo mtandaoni. Viko parokiani na usharikani, na heshima kidogo kwa katibu wa parokia hufungua zaidi kuliko nenosiri lolote.

Wenye ndugu Oman na nchi za Ghuba wapitie Maktaba ya Kidijitali ya Qatar, kwenye qdl.qa, ambamo kumbukumbu za ofisi za Waingereza za Ghuba zinasomwa bure. Mna majalada ya watumwa walioomba hati za kuachwa huru katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na kila mwombaji alichukuliwa maelezo: jina, umri wa kukadiria, alikozaliwa, alivyochukuliwa na kuuzwa kwa nani. Baadhi yao walitokea pwani yetu. Ni usomaji mzito, na anayemkuta mtu wa kwao humo afikirie kwanza namna ya kuiambia familia kabla ya kuituma picha ya ukurasa kwenye kundi la WhatsApp.

FamilySearch na miti ya watu wengine

FamilySearch ni tovuti ya bure ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Inahitaji akaunti, haihitaji kadi ya benki. Usianzie kwenye kisanduku cha majina. Ingia kwenye katalogi, andika jina la nchi au wilaya, uone ni vitabu gani vimepigwa picha, kwa maana picha nyingi hazijaandaliwa faharasa na hazitatokea kwa jina. Picha nyingine hufunguka tu ukiwa katika kituo chao au maktaba inayoshirikiana nao. Wamekusanya pia nasaba za simulizi kutoka kwa wazee wa nchi kadhaa za Afrika, na kazi hiyo ni ya thamani kubwa mahali ambapo mzee aliyehojiwa amekwisha kufariki.

Kuhusu mti wa pamoja ambao kila mtu anaweza kuuhariri, ninashauri utumike kama uvumi wenye anwani. Ukimwona babu yako humo, tazama kama aliyemwandika ameambatisha karatasi yoyote. Miti inayompeleka mtu kutoka kijijini hadi kwa Nabii Adamu kwa kubofya mara chache inafurahisha, lakini haina kazi hapa. Zingatia vilevile kwamba tovuti zinazotangaza majaribio ya bure ya siku kadhaa na kuomba namba ya kadi si za bure.

Kuhifadhi ulichokipata

Kila ukurasa unaokufaa upakue siku hiyohiyo, maana tovuti huhama na viungo hufa. Maktaba ya Uingereza ilipovamiwa na wadukuzi Oktoba 2023, mikusanyo yake mingi haikufikika kwa miezi. Lipe faili jina linaloanza na mwaka, kisha mahali, kisha jina la mtu, na ndani ya daftari lako andika toleo, tarehe, ukurasa na kiungo. Katika kila habari weka alama mojawapo kati ya tatu: nimeona kwenye karatasi, nimeambiwa na fulani, au nakisia. Anayechanganya hizi tatu huishia kuamini makisio yake mwenyewe baada ya mwaka mmoja.

Matangazo ya mirathi na ardhi ya miaka ya karibuni huwa na namba za vitambulisho za watu walio hai. Zifute kabla ya kumtumia mtu picha, na katika mti wowote wa mtandaoni usiweke walio hai bila ridhaa yao.

Hatimaye utafika mahali ambapo mtandao una namba ya faili tu na faili lenyewe liko rafuni. Hapo kazi uliyokwisha fanya inakuokolea nauli. Barua ya kwenda Nyaraka za Taifa za Kenya, Nyaraka za Taifa za Tanzania au Nyaraka za Zanzibar zilizoko Kilimani isiseme kwamba unatafuta habari za ukoo wako. Iseme mahakama, namba ya shauri na mwaka, au alama ya jalada na wilaya, kisha iulize kama jalada hilo linaruhusiwa kusomwa, ada ni kiasi gani, na kama ndugu aliye karibu anaweza kwenda kulisoma na kulipiga picha kwa niaba yako.